Kamba Niliyoivuta Mimi

Tulipanda! Usiniambie hatukupanda.

Wewe ulisimama mbele pale kwenye ukumbi wa Kasese, kipaza sauti mkononi, chupa ya maji mezani, ukasema watu wa kando ya mto ni wavivu. Ukasema wanangoja maji yawabebe ndipo waanze kulilia misaada. Kila nyumba ingepanda hata mti mmoja tu, ukasema, leo tusingekuwa na kikao hiki cha mafuriko. Watu wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, helmeti mapajani, nimemleta abiria kutoka Bwera na ninamngoja nimrudishe. Nikasimama. Nikasema, "Mzee, sisi tulipanda." Ukanitazama kuanzia viatu, ukacheka kidogo, ukasema, "Basi mlipanda vibaya, kijana. Keti."

Nikaketi. Sijui kwa nini niliketi. Abiria wangu alikuwa amenishika mkono wa koti, labda ndiyo sababu. Tukarudi, na njia nzima sikusema neno, mimi ambaye hata nikiwa peke yangu kwenye pikipiki ninaongea. Nilipita Muhokya nimeuma meno tu.

Sasa nikujibu hapa, ambapo huwezi kuniambia keti. Hatukupanda vibaya. Tulipanda vizuri mno, na nitakueleza namna mtu anavyoweza kupanda vizuri mpaka akamwangusha mama yake.

Huyo mama ni mama mkubwa wangu, dada ya mama yangu. Mama alikufa nikiwa sijaanza hata shule, na shule yenyewe sikuimaliza, lakini hilo si kosa la mama mkubwa, yeye alijaribu. Yeye ni Mkristo wa Jumamosi. Mimi alinilea nikabaki Mwislamu, kwa sababu baba yangu aliomba hivyo kabla hajavuka mpaka wa Uganda kwenda Kongo asirudi. Mwezi wa kufunga alikuwa anaamka kabla yangu kunichemshia chai, halafu ananiambia, "Uombe Mungu yako aangalie na maharage yangu." Mtu akimgusa huyo mama, simwulizi sababu.

Shamba lake liko juu kidogo ya Bwera, pale unapoacha lami na kuanza kupanda. Nyumba iko juu, nyuma yake makaburi, kisha migomba na kahawa vinashuka, halafu chini kabisa, kabla ya mto, kuna tambarare. Tambarare hiyo ndiyo ilikuwa chakula chetu. Maharage misimu miwili, vitunguu katikati. Kule juu ni mawe, ukilima jembe linalia. Na mwisho wa shamba ulikuwa mto. Upande huu mama, upande ule mzee mmoja anayeuza vitenge, mtu wa msikiti wetu, Ijumaa tunasimama safu moja bega kwa bega. Tangu zamani hakuna aliyegombana juu ya mpaka huo. Nani atagombana na mto?

Siku za kawaida mto wenyewe ng'ombe anavuka bila kulowesha tumbo. Unashuka mlimani, unapita kwetu, unakwenda kuungana na ule mkubwa wa mpakani. Lakini miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu ulibadilika tabia. Mvua ikawa inakaa miezi haiji, halafu inakuja yote pamoja, kama watu wanaokimbia askari. Bwera jua linawaka, umeanika mihogo, kumbe huko mlimani kunanyesha. Unasikia mawe yanagongana. Mawe ndiyo unayasikia kwanza, maji baadaye. Mara ya kwanza mto ulimega ukingo wa mama kama mtu anayemega mkate, ukapinda, ukashuka kwenye kijiji cha chini ukachukua nyumba na vyote vilivyokuwamo.

Kijiji cha chini wanakaa watu wasio na shamba. Wanawake wanaobeba mizigo mgongoni kuvuka mpaka. Wapangaji. Watu waliofukuzwa na maji sehemu nyingine, wakaja kupanga chumba kando ya maji mengine kwa sababu ndiko kodi ni nafuu. Wengine ni wateja wangu, wengine ni marafiki zangu wa kupigana mdomo.

Baada ya hapo tukaanzisha kikundi. Hatukuambiwa na mtu. Kila Jumatano asubuhi burungi bwansi, kazi ya wote, wa juu na wa chini, wenye shamba na wasio na shamba, majembe begani. Mradi mmoja ukasikia, ukatuletea miche ya miti kwenye gari. Ilikuja kiangazi, jua kali, udongo umekuwa kama sahani. Tuliimwagilia kwa vikombe. Ikafa yote, na bwana mmoja wa mradi akaja akapiga picha ya vijiti vikavu, akatuuliza kwa upole kama tulielewa mafunzo.

Mimi nilikuwa na kitabu. Nilikipata Kasese karibu na stendi, kwa mtu anayeuza vitabu vya zamani juu ya gunia. Hakikuwa na jalada, mwanzo umechanika, na kilikuwa Kiingereza ambacho nilikisoma neno kwa neno kama mtu anayevuka maji kwenye mawe. Lakini nilikielewa. Kilisema mto unahitaji nafasi. Ukiubana, utavunja. Usipande ukingoni kabisa maana ukingo umeshalegea, rudi nyuma kwenye udongo mgumu, panda ukuta wa mizizi hapo, na hapo mbele uuachie mto mahali pa kujinyoosha. Nikakisoma kwa kikundi kizima, ninageuza kwa Kiswahili, anayekaa karibu na mimi anageuza kwa Lhukonzo, lugha ya huku.

"Kwa hiyo unataka mutu ampe muto shamba yake?" akauliza mama mmoja wa kijiji cha chini.

"Hatua thelathini tu," nikasema. "Na si kila mahali. Kwenye kona."

Wote wakageuza macho upande mmoja, kwa sababu kona ilikuwa moja tu. Kona ni kwa mama mkubwa wangu. Pale ndipo mto unapoamua kama unakwenda moja kwa moja au unashukia kijiji cha chini.

Mama alikuwa amekaa kwenye debe lililogeuzwa, anapukuchua maharage, hakuinua kichwa. Akasema, "Hatua za nani?"

"Zangu mama, nitapima mimi."

"Huyu iko na miguu ya korongo!" akasema mama wa kijiji cha chini. "Thelathini yake ni hamsini ya mutu. Pima na miguu ya mwenye shamba."

Watu wakacheka mpaka mbuzi wakakimbia. Mama akaweka chini maharage, akajifunga kitenge vizuri, akashuka hadi kwenye maji, akageuka, akaanza kuhesabu kwa sauti huku anapanda kurudi kwake. Tulimfuata kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Alipofika thelathini akasimama. Mbele yake yalibaki matuta machache tu ya tambarare, halafu migomba. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma.

"Mingi," akasema.

Hapo mimi nikafungua mdomo. Huu huu. Nikasema kikundi hakitamwacha. Nikasema kila mwenye shamba atamtengea mama mstari mmoja wa maharage kwenye shamba lake mwenyewe, kila msimu, na wasio na shamba watakuja kuulima huo mstari. Nikauliza, "Si ndiyo?" Wakajibu, "Eeee!" mpaka upande wa pili wa mto wakasikia. Mama akanitazama mimi, hakuwatazama wao. Akasema, "Kama ni wewe unasema." Akarudi kwenye maharage.

Tukawa na ukuta wa kupanda na hatuna cha kupanda, maana miche ilikufa. Na hapa ndipo nilipokuwa na akili kupita kiasi. Kwetu kuna mti wa mpaka. Wewe wa ukumbini huenda unao hata kwenye uzio wako ukafikiri ni ua la mapambo. Majani marefu, shina kama fimbo. Unakata kipande, unakichomeka ardhini, hata kiangazi, hata kichwa chini, kinaota. Haufi. Ndiyo maana wazee waliuchagua kuweka mipaka: ndugu wawili wakigawana shamba, wanachomeka huo mti mbele ya watu, wanakula pamoja, basi, imekwisha, hata wajukuu hawatabisha. Na kuung'oa ni kosa kubwa. Kwetu mtu anayeng'oa mti wa mpaka watu wanamwangalia kama aliyempiga baba yake.

Mimi nikafikiri mizizi tu. Mizizi yake inashika udongo kama mkono, nimeiona mwenyewe. Mti usiokufa, wa bure, uko kwenye kila shamba. Tukate vipande, tuchomeke karibu karibu, nyuma yake tuweke mabingobingo, majani ya kulisha mbuzi. Kikundi kizima kikasema kijana huyu ana kichwa.

Jumatano hiyo nilikuja na kamba. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya kufungia mizigo kwenye pikipiki. Nikafunga upande mmoja kwenye mgomba, upande mwingine kwenye kigingi, nikaivuta mpaka ikalia, na tukapanda kuifuata. Fimbo, fimbo, fimbo. Mstari ulionyooka namna ile hujawahi kuona hata kwenye uwanja wa mpira.

Mama akaja kutazama. Akasema, "Mbona umenyosha hivi? Panda ovyo ovyo tu, kama majani."

"Mama, kazi ya maana inanyooka."

"Kazi ya muto inanyooka? Muto umeona wapi umenyooka?"

Nikacheka. Nikamwambia aende akatupikie, watu wana njaa. Nakuambia ukweli, nilinyoosha kwa sababu nilitaka yule bwana wa mradi akija na kamera yake aone. Nilitaka aone kwamba hatukuhitaji mafunzo yake.

Yule mzee wa vitenge alikuwa ng'ambo anatutazama, mikono nyuma. Akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Weye kijana! Iko nanipandia mupaka?"

"Ninakuonyesha mwisho wa mikono yako, mzee!" nikamjibu.

"Bon! Asante sana! Basi hapa mbele yote njo yangu?"

"Vuka uichukue kama unajua kuogelea!"

Tulicheka wote, yeye zaidi. Akavuka kwa mawe, suruali imekunjwa, na mama alipopakua bundu, ugali wa muhogo, na sombe, mboga ya majani yake, tukala naye kwenye sinia moja. Alisifia sombe ya mama. Aliosha mikono, akashukuru, akarudi kwake. Weka hilo akilini, kwamba alikula. Mimi sikuliweka.

Miti ikaota yote. Kiangazi kikaja, ikaota. Mvua ikaja, ikaota. Misimu ikapita, ikanifika kifuani, mabingobingo nyuma yake yamesongamana hata nyoka anaomba njia. Mbele, kwenye zile hatua thelathini, majani yalijiotea na mama alikuwa anakata ya mbuzi. Na ile mistari ya maharage watu walimpa. Si wote, lakini walimpa. Ungekuja wakati huo ningekutembeza mwenyewe, bure, petroli yangu.

Halafu mto ukaja. Ilikuwa mchana, saa tisa hivi, jua linawaka. Nilikuwa kwenye stendi ya boda Bwera niliposikia mtu anasema mawe, mawe yanalia. Niliendesha kama mwizi. Nikamkuta mama amesimama kwenye migomba, mikono kichwani, na kikundi chote kinapanda kutoka chini na watoto na magodoro. Maji yalikuwa meusi. Yalikuja na miti mizima, na mawe makubwa kama ng'ombe aliyelala, yakafika kwenye kona, yakaingia kwenye zile hatua thelathini yakajaza zote, yakaupiga ukuta wetu. Majani ya ile miti yalilala. Nikaona mstari wote umelala, nikasema tumekwisha. Ukainuka. Ukalala tena, ukainuka. Nilikuwa ninaitukana ile miti, ninaiambia simama, mbwa wewe, simama, na mama ananiambia nisitukane, nyamaza, omba.

Ilisimama. Maji yakageukia huko mbele, yakaenda zake. Kijiji cha chini hakikupoteza hata banda la kuku. Wanawake wa chini walinibeba juu juu, wakanizungusha, wakapiga vigelegele, na yule mama aliyeicheka miguu yangu ya korongo akanimwagia unga kichwani. Kwa maisha yangu yote sijawahi kuwa mtu kama nilivyokuwa jioni ile.

Asubuhi tulishuka kutazama. Maji yalikuwa yamepungua, yametulia, yanang'aa. Lakini mto haukuwa mahali pake. Pale ulipokuwa zamani palikuwa pamejaa mawe na mchanga, pamekauka. Mto sasa ulikuwa unapita hapa, miguuni pa ule mstari wetu, umenyooka kabisa, kama nao niliuvutia kamba. Na zile hatua thelathini zilikuwa ng'ambo. Zimeshikana na shamba la mzee wa vitenge, zimefunikwa na udongo mweusi mpya wa mlimani, udongo ambao ukiuona tu mikono inawasha unataka kulima.

Mama akashuka mpaka kwenye maji. Akaniuliza, "Yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

Wiki mbili baadaye udongo ule ulikuwa na maharage ya mzee wa vitenge. Nilivuka na jembe, nikamkuta anapalilia mwenyewe, kofia yake ya msikitini kichwani. Nilimwita majina ambayo siwezi kuandika, mtu mzima, rafiki ya baba yangu. Hakukasirika. Angekasirika ningemshukuru.

"Mwana yangu," akasema, "mimi sikukamata kitu ya mutu. Muto njo ilileta. Enda uone kule juu, yangu mimi ilienda yote, inafika Kongo sasa. Nani atanirudishia?"

Ilikuwa kweli. Nilikwenda nikaona. Kule juu, upande wake, mto ulikuwa umekata kipande kikubwa kuliko cha mama, na mke wake alikuwa anaokota mizizi ya kahawa kwenye tope. Nilirudi na hasira yangu yote, sina pa kuiweka.

Tukamwita mwenyekiti wa kijiji. Akaja na kamati yake, na kikundi chetu chote kikaja, wa juu na wa chini, tukajaa pande mbili za maji. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, mimi kuongea ndiyo kazi yangu. Nikasema mpaka ni mto wa zamani, ule wenye mawe makavu, kila mtu anaujua. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, mto ulikuwa kule. Nikaona tumeshinda. Halafu akatembea polepole kando ya ule mstari, akagusa mti mmoja, akagusa wa pili.

"Hii alipanda nani?"

"Mimi."

"Kwa shamba ya nani?"

"Ya mama. Lakini tulipanda kwa ajili ya udongo, mwenyekiti. Kushika maji. Waulize wote hawa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kikundi. Mbele ya kila mtu."

"Na huyu mzee alikuwepo?"

"Alikuwepo ng'ambo."

"Alikataa?"

Nikaanza kuona njia anayonipeleka, lakini nilikuwa nimeshaingia. "Hakukataa. Alifanya mzaha."

"Alisema nini?"

Yule mama wa kijiji cha chini, ambaye hajui kudanganya, akasema kwa sauti ndogo, "Aliuliza kama anapandiwa mupaka."

"Na kijana akajibu nini?"

Mwenyekiti akageukia mama mkubwa wangu, akabadilisha sauti, kwa heshima. "Mama, mulikula?"

"Tulikula," mama akasema.

"Naye alikula?"

"Alikula sombe."

Mwenyekiti akavua kofia, akajifuta uso. Nadhani hata yeye hakupenda. Akasema mti umepandwa, na mwenye shamba akiwepo, jirani akiwepo, mashahidi wakiwepo, mstari umenyooka kwa kamba, watu wakala sinia moja. Akasema, "Kijana, sasa mupaka ni kitu gani zaidi ya hiyo? Mimi nilizaliwa nakuta mipaka inawekwa hivi. Nikisema huu si mupaka, kesho kila mutu katika kijiji hiki atakuja kuniambia wa kwake pia si mupaka."

"Ni wa udongo!" nikapiga kelele. "Ni wa udongo!"

"Nani anapanda mti wa mupaka kwa udongo?"

Nikataka kumrukia. Walinishika watu wanne. Mama alinishika wa tano, na alikuwa ndiye mwenye nguvu.

Nilikwenda Kasese mara tatu. Ofisi moja ikanituma nyingine, nyingine ikaniuliza karatasi ya shamba, shamba ambalo halijawahi kuona karatasi tangu babu wa babu. Wakaniuliza basi kama hakuna karatasi, kuna alama gani kwenye ardhi inayoonyesha mwisho wa shamba? Nikatoka nje, nikakaa kwenye pikipiki, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Msimu wa kwanza watu walimletea mama maharage, vikapu vimejaa, na nyimbo. Msimu wa pili vikapu vilikuwa vichache. Msimu wa tatu nilishuka kijiji cha chini kuwatukana. Nilisimama katikati ya nyumba zao, nyumba ambazo zipo kwa sababu ya shamba la mama, nikawaambia hawana shukrani, nikawaambia wao ni nzi. Yule mama wa miguu ya korongo akatoka ndani, akafunua sufuria, akaniita niangalie. Ilikuwa ni uji wa muhogo, wa maji maji, na saa ilikuwa saa kumi na walikuwa hawajala. Akasema, "Chukua. Mupelekee. Mimi siyo mubaya, chukua yote." Na angenipa. Alikuwa ameshika sufuria mikono miwili, ananinyooshea. Nilipanda pikipiki nikaondoka, hata kuomba msamaha nilishindwa.

Mama sasa analima kule juu kwenye mawe. Anavuna maharage ya kujaza kofia. Hanilaumu, na hilo ndilo linanimaliza. Mara moja tu alisema neno, mwaka huu, kabla ya mvua. Aliniita chini kwenye ukuta, akanipa jembe.

"Ng'oa."

"Mama?"

"Ulipanda wewe. Ng'oa wewe. Mwenyekiti alisema mupaka ni huu mti. Kama mti hakuna, watauliza tena mupaka ni wapi, na mimi nitawaonyesha mawe ya zamani. Nitakufa mwenye shamba."

"Watasema sisi ni watu wanaong'oa mipaka."

"Waseme."

"Na hao wa chini?"

Alikuwa anajua. Kutoka pale tuliposimama unaona mabati ya kijiji cha chini yote, unaona nguo kwenye kamba, unaona nani anapika na nani hapiki. Akageuka, akapanda kwenda nyumbani, akaniacha na jembe.

Niling'oa mmoja. Niliutikisa kwanza, ukakataa, nikachimba pembeni, nikauvuta kwa mikono yangu yote, ukatoka na donge la udongo kubwa kama chungu, mizizi yake inaning'inia myekundu. Na kabla sijauweka chini, maji yakaingia kwenye shimo. Siku ya jua, mto umetulia, ng'ombe anaweza kuvuka, na maji yakaingia hapo kana kwamba yalikuwa yamekaa nje ya mlango yanangoja. Ukingo ukabomoka kidogo. Kipande cha kiganja tu. Kikaanguka mtoni, plopu.

Niliurudisha. Niliurudisha haraka kama mtu anayefunga mdomo wa mtoto, nikaukanyaga kwa miguu yangu ya korongo, nikauwekea mawe. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama juu kwenye migomba. Alikuwa ameona vyote, kung'oa na kurudisha. Akaingia ndani. Saa ya kula ikafika, akanipakulia kama kila siku, akaniuliza kama petroli imepanda tena.

Mstari bado upo, umenipita kimo. Watu wa mradi wanawaleta wageni kuupiga picha, wanasema jamii hii imejifunza kuishi na mto. Ng'ambo maharage ya mzee wa vitenge yanatoa maua meupe. Na huko mlimani kumeanza kuwa kweusi tangu juzi.

Haya, mzee wa kipaza sauti, na wewe uliyempigia makofi. Jembe hili hapa. Unang'oa, au unaacha?